Sumu za Bakteria wa Utumboni na Saratani ya Utumbo Mpana: Alama Zinazosalia Katika Vinasaba

Saratani ya utumbo mpana na puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo ambamo kinyesi hukaa kabla ya mtu kwenda haja kubwa, ni ya tatu kwa kugunduliwa mara nyingi miongoni mwa saratani zote duniani, na ni ya pili kwa kuua. Kwa makadirio ya Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 pekee ugonjwa huu uliwapata watu zaidi ya milioni 1.9 na kusababisha vifo takriban 900,000. Kwa muda mrefu umehesabiwa kuwa ugonjwa wa wazee, na hadi leo wengi wa wanaougua wamevuka umri wa miaka 50. Hata hivyo, katika nchi zenye kumbukumbu ndefu za takwimu za saratani, zikiwamo Marekani, Kanada, Uingereza na Australia, idadi ya wanaougua kabla ya umri huo imekuwa ikipanda tangu miaka ya 1990. Uchambuzi wa takwimu za Marekani uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mtu aliyezaliwa karibu na mwaka 1990 ana hatari maradufu ya kupata saratani ya utumbo mpana, na mara nne ya kupata saratani ya puru, akilinganishwa na aliyezaliwa karibu na mwaka 1950 alipokuwa na umri kama huo.

Ongezeko la namna hiyo haliwezi kuelezwa kwa urithi peke yake, kwa sababu jeni za jamii nzima hazibadiliki ndani ya kizazi kimoja au viwili. Lazima kuwe na jambo katika mazingira au katika maisha ya watu lililobadilika, na watafiti wameshachunguza unene uliokithiri, ulaji wa nyama zilizosindikwa, pombe, tumbaku na kukaa bila kuushughulisha mwili, mambo ambayo yote yana mchango unaojulikana. Katika miaka 20 iliyopita, mshukiwa mwingine ameingia katika orodha hiyo, naye yumo ndani ya mwili wenyewe: ni baadhi ya bakteria wa utumboni wanaotengeneza sumu zenye uwezo wa kuharibu vinasaba, yaani molekuli zinazobeba maelekezo yote ya ukuaji na utendaji wa kila seli.

Utumbo na wakazi wake

Utumbo mpana wa mtu mzima una urefu wa takriban mita moja na nusu, na ndani yake huishi matrilioni ya bakteria wa mamia ya spishi. Wengi wao wana manufaa makubwa, kwani huvunjavunja makapimlo, yaani nyuzinyuzi za vyakula vya mimea ambazo vimeng'enya vya mwili haviwezi kuzimeng'enya, hutengeneza baadhi ya vitamini, na huwazuia vijidudu vya maradhi kupata nafasi ya kustawi. Kati ya wakazi hao na ukuta wa utumbo kuna tabaka la ute mzito ambalo, likiwa zima, huwaweka bakteria mbali na seli za mwili. Na chini ya ute huo kuna safu moja tu ya seli ambazo hufa na kubadilishwa na nyingine mpya kila baada ya siku chache. Seli hizo mpya huzaliwa na seli shina zilizojificha katika vishimo vidogo sana vya ukuta wa utumbo, na kwa kuwa seli shina hujigawa muda wote wa uhai wa mtu, kosa lolote linaloingia katika vinasaba vyake hurithiwa na seli zote zitakazotoka kwake.

Saratani huanzia katika makosa ya aina hiyo, ingawa kosa moja kwa kawaida halitoshi. Katika visa vingi, jeni ya kwanza kuharibika ni ile iitwayo APC, ambayo kazi yake ni kuzuia seli zisijigawe ovyo; ikishaharibika, seli huanza kurundikana na kufanya kivimbe kidogo kisicho saratani, kinachoitwa polipu, na kadiri jeni nyingine zinavyoharibika kwa miaka mingi, mara nyingi kumi au zaidi, baadhi ya polipu hugeuka kuwa saratani. Swali ambalo sayansi imekuwa ikiliuliza ni hili: ni nini kinachosababisha kosa la kwanza?

Dhana kwamba bakteria anaweza kuwa chanzo cha saratani si ngeni. Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren, madaktari wa Perth nchini Australia, walifaulu kumwotesha katika maabara bakteria wa tumboni aitwaye Helicobacter pylori, ambaye baadaye ilithibitika kwamba ndiye chanzo kikuu cha vidonda vya tumbo. Mwaka 1994 bakteria huyo aliwekwa katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu, na mwaka 2005 madaktari hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Suala la utumbo mpana ni gumu zaidi, kwa sababu washukiwa wake si wavamizi wa wazi wazi; baadhi yao ni wakazi wa kawaida ambao watu wengi wenye afya njema wanao.

Kolibaktini

Mshukiwa aliyechunguzwa zaidi anatoka katika jamii ya Escherichia coli, bakteria aliyeelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1885 na daktari wa watoto Theodor Escherich, na ambaye huingia katika utumbo wa mtoto muda mfupi baada ya kuzaliwa. Aina nyingi za E. coli hazina madhara yoyote. Mwaka 2006, watafiti wa Toulouse nchini Ufaransa, miongoni mwao Jean-Philippe Nougayrède na Eric Oswald, pamoja na wenzao wa Ujerumani, walitangaza katika jarida la Science kwamba baadhi ya aina za bakteria huyo zikigusana na seli za binadamu katika maabara, vinasaba vya seli hizo hukatika. Chanzo chake kilikuwa kundi la jeni linaloitwa pks, ambalo humwezesha bakteria kutengeneza vimeng'enya vinavyounda, hatua kwa hatua, sumu iliyopewa jina la kolibaktini.

Sumu hiyo iliwasumbua wanakemia kwa zaidi ya muongo mzima, kwa maana huvunjika upesi mno kiasi kwamba haikuwezekana kuikusanya ikiwa safi na kuipima. Hatimaye, mwaka 2019, vikundi vya watafiti katika vyuo vikuu vya Harvard na Yale nchini Marekani viliweza kueleza umbo lake kwa kuchunguza mabaki inayoyaacha katika vinasaba. Ilibainika kuwa kolibaktini ina ncha mbili zenye ukali, na kila ncha hujipachika katika adenini, mojawapo ya herufi nne za kemikali zinazounda vinasaba, moja katika uzi huu na ya pili katika uzi unaouelekea. Nyuzi mbili ambazo kwa kawaida huachana ili zinakiliwe seli inapojigawa hubaki zimefungamanishwa, mithili ya zipu iliyoshonwa katikati kwa uzi. Seli hujaribu kurekebisha hitilafu hiyo, na katika kurekebisha huko ndiko herufi hudondoka au hubadilishwa, na kosa likabaki kwa kudumu.

Ushahidi kwamba uharibifu huu unaweza kuishia katika saratani ulianza kupatikana kwa panya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, panya wenye uvimbe sugu wa utumbo waliwekewa E. coli wenye kundi la pks, na wengine wakawekewa bakteria wale wale lakini wakiwa wameondolewa kundi hilo. Uvimbe wa utumbo ulikuwa karibu sawa katika makundi yote mawili, ila saratani ilipungua kwa panya ambao bakteria wao hawakuweza kutengeneza sumu. Watafiti hao walichunguza pia sampuli za binadamu, na wakawapata bakteria wa aina hiyo kwa takriban mtu mmoja kati ya watano wasio na ugonjwa wa utumbo, lakini kwa wawili kati ya watatu wenye saratani ya utumbo mpana. Hata hivyo, sampuli zilikuwa chache, na kumkuta bakteria karibu na saratani hakuthibitishi kwamba ndiye aliyeianzisha, kwa kuwa huenda saratani yenyewe ndiyo iliyomtengenezea makazi mazuri.

Alama inayosomeka

Kikwazo hicho kilianza kuondoka mwaka 2020. Watafiti wa Taasisi ya Hubrecht mjini Utrecht nchini Uholanzi, chini ya Hans Clevers, waliotesha katika maabara vifuko vidogo vya seli za utumbo wa binadamu vinavyofanana na utumbo halisi, wakavidunga mara kwa mara E. coli wenye kolibaktini kwa muda wa miezi mitano, kisha wakasoma vinasaba vya seli hizo kutoka mwanzo hadi mwisho. Makosa waliyoyakuta hayakuwa ya kubahatisha, bali yalifuata mpangilio maalumu, yakitokea hasa mahali ambapo herufi fulani zimefuatana kwa utaratibu ule ule. Walipolinganisha mpangilio huo na vinasaba vya maelfu ya saratani zilizokwisha kusomwa, waliukuta katika sehemu ya saratani za utumbo mpana, na mara chache sana katika saratani nyingine. Kwa maneno mengine, sumu hii huacha alama inayotambulika, na alama hiyo hubaki katika seli hata kama bakteria mwenyewe ametoweka miaka mingi iliyopita.

Uwezo wa kusoma alama hiyo ulifungua njia ya utafiti mkubwa zaidi, uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2025 na kundi lililoongozwa na Ludmil Alexandrov wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Kundi hilo lilisoma vinasaba vya saratani 981 za utumbo mpana na puru kutoka nchi 11, na likagundua kwamba alama ya kolibaktini hupatikana mara 3.3 zaidi kwa wagonjwa waliogunduliwa kabla ya umri wa miaka 40 kuliko kwa waliogunduliwa baada ya miaka 70. Aidha, katika saratani zenye alama hiyo, takriban asilimia 15 ya makosa ya jeni ya APC, ile jeni ambayo kuharibika kwake huanzisha safari ya ugonjwa, yalifanana na kazi ya kolibaktini.

Jambo lenye uzito zaidi katika matokeo hayo ni wakati wa tukio. Makosa ya kolibaktini yalionekana kuwa miongoni mwa ya mwanzo kabisa katika historia ya saratani husika, na hili linaafikiana na utafiti wa mwaka 2019 wa Taasisi ya Wellcome Sanger ya Uingereza, ambao ulikuta alama kama hiyo hata katika seli zisizo na saratani za watu wazima, na ukakadiria kwamba iliingia katika muongo wa kwanza wa maisha yao. Ikiwa hesabu hizo ni sahihi, basi kwa baadhi ya wagonjwa hatua ya kwanza kuelekea saratani ilipigwa walipokuwa bado watoto wa shule ya msingi, bila dalili yoyote, na mtu wa namna hiyo huanza utu uzima akiwa ameshatangulia miaka mingi mbele ya wenzake katika njia ya ugonjwa.

Washukiwa wengine

Kolibaktini haiko peke yake. Aina fulani za bakteria aitwaye Bacteroides fragilis hutoa sumu ambayo haishambulii vinasaba moja kwa moja, bali hukata E-kadherini, protini inayoshikamanisha seli za ukuta wa utumbo. Ukuta ukishalegea, seli huamrishwa zijigawe na kinga ya mwili huwasha uvimbe usiozimika upesi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, wakiwachunguza wagonjwa waliorithi kasoro ya jeni ya APC, walieleza kwamba bakteria huyo na E. coli mwenye kolibaktini walikutwa pamoja wakiwa wamejenga utando juu ya ukuta wa utumbo, na kwamba panya waliowekewa wote wawili waliugua zaidi kuliko waliowekewa mmoja. Inaelekea kwamba mmoja hudhoofisha ute na ukuta, na mwingine hupata nafasi ya kuzifikia seli kwa karibu, jambo ambalo ni la lazima kwa sumu inayovunjika upesi kama kolibaktini.

Wapo pia bakteria kama Campylobacter jejuni, ambao husababisha kuhara, na baadhi yao hutoa sumu inayokata nyuzi za vinasaba. Fusobacterium nucleatum, mkazi wa kinywani anayehusishwa na magonjwa ya fizi, aligunduliwa mwaka 2012 na makundi mawili ya watafiti kuwa amejaa katika saratani za utumbo mpana. Huyu hujishikiza kwenye seli za saratani kwa protini zake na kuzichochea zikue, hivyo anaonekana zaidi kama mwendelezaji wa ugonjwa kuliko mwanzilishi wake.

Mipaka ya ushahidi

Ni wajibu kusema kwa uwazi kwamba haya yote hayajafikia kiwango cha kutamka kuwa kolibaktini husababisha saratani ya utumbo mpana kwa namna ile ile tumbaku inavyosababisha saratani ya mapafu. Watu wengi wenye bakteria hao hawataugua kamwe, na saratani nyingi za utumbo mpana hazina alama ya kolibaktini. Kuna hata aina ya E. coli iliyotengwa na daktari Alfred Nissle wa Ujerumani mwaka 1917, ambayo kwa miongo mingi imetumika kama dawa ya matatizo ya utumbo, na ambayo ilikuja kugundulika kuwa nayo ina kundi la jeni la pks. Kwa hiyo, kuwapo kwa bakteria hakutoshi. Kinachoamua ni kama anakua kwa wingi, kama anaitengeneza sumu hiyo, na kama ute wa utumbo una nguvu ya kumweka mbali na seli.

Hapo ndipo suala la chakula linapoingia, na Afrika Mashariki ina nafasi yake katika historia hiyo. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kuanzia miaka ya 1940 hadi miaka ya 1960, aliona kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu mno miongoni mwa Waafrika aliowatibu, na katika andiko lake la mwaka 1971 alilihusisha jambo hilo na wingi wa makapimlo katika vyakula vyao. Mwaka 2015 hoja yake ilipata nguvu mpya, pale watafiti walipobadilishana vyakula vya Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na Waafrika Kusini 20 wa vijijini kwa wiki mbili tu: Wamarekani waliokula makapimlo mengi na mafuta kidogo walipungukiwa na dalili za uvimbe katika utumbo, ilhali kwa Waafrika Kusini waliopewa chakula cha Kimarekani dalili hizo ziliongezeka. Mwaka 2025, utafiti uliofanywa mkoani Kilimanjaro na wataalamu wa Tanzania na Uholanzi ulionyesha kwamba wanaume wa vijijini walioacha vyakula vyao vya asili na kula vya kizungu kwa wiki mbili walipata ongezeko la viashiria vya uvimbe katika damu, na waliogeuza kutoka vya kizungu kwenda vya asili walipata nafuu.

Uhusiano wa mambo haya na sumu za bakteria si wa kubuni. Makapimlo yanapokosekana, baadhi ya bakteria hugeukia ute wenyewe kama chakula chao, na tabaka la kinga hupungua; na uvimbe wa utumbo huwapa E. coli nafasi ya kuongezeka. Katika utafiti wa panya uliofanywa Toronto na kuchapishwa mwaka 2025, E. coli mwenye kolibaktini alisababisha polipu nyingi pale panya walipolishwa chakula chenye wanga kidogo na makapimlo kidogo, na kurudishiwa makapimlo kulipunguza madhara. Wakati ambapo miji ya Afrika Mashariki inazidi kuzoea chipsi, soda na unga uliokobolewa, na kuacha dona, mtama, ulezi, kunde, maharage na mboga za majani, inafaa kukumbuka kwamba kinachoachwa ni mojawapo ya kinga ambazo Burkitt alizitambua zaidi ya nusu karne iliyopita.

Yanayopasa kufanywa

Kosa kubwa ambalo msomaji anaweza kulifanya baada ya kusikia habari hizi ni kukimbilia dawa za kuua bakteria. Dawa hizo hazichagui kati ya bakteria mwenye sumu na mwenye manufaa, huacha nyuma bakteria sugu, na hakuna ushahidi kwamba zinamkinga mtu mwenye afya na saratani hii. Watafiti wanatafuta njia zenye shabaha zaidi, kama vile kemikali zinazozuia kolibaktini isitengenezwe, dawa zinazomzuia E. coli asishikamane na ukuta wa utumbo, na vipimo vya kinyesi vya kuonyesha nani amewahi kuathiriwa na sumu hiyo. Zote bado ni kazi za maabara, na hazijafika hospitalini.

Kilichopo hospitalini tayari ni uchunguzi wa mapema, nao huokoa maisha, kwa sababu polipu ikionekana kwa kamera inayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa inaweza kuondolewa papo hapo kabla haijageuka saratani. Marekani ilishusha umri wa kuanza uchunguzi huo kutoka miaka 50 hadi 45 mwaka 2021, kwa kuzingatia ongezeko la wagonjwa vijana. Katika nchi ambazo kamera hizo ni chache, kujua dalili ni muhimu zaidi: damu katika choo, mabadiliko ya choo yanayodumu kwa wiki kadhaa, maumivu ya tumbo yasiyokoma, kupungua uzito bila sababu, na upungufu wa damu usioeleweka. Damu katika choo isichukuliwe moja kwa moja kuwa ni bawasiri, hata kwa kijana wa miaka 30, kabla ya daktari kuthibitisha.

Wito wa mwisho unawahusu wenye mamlaka ya sayansi na afya. Kati ya nchi 11 zilizochangia saratani zile 981, hakuna hata moja ya Afrika, na kwa hiyo hakuna ajuaye kutokana na utafiti huo iwapo alama ya kolibaktini imo katika saratani za Watanzania, Wakenya, Waganda au Wakongo, wala imo kwa kiasi gani. Serikali, vyuo vikuu na hospitali za rufaa za ukanda huu zina wagonjwa, zina wataalamu, na zina sababu ya kujua. Zitenge fedha za kuhifadhi sampuli na kusoma vinasaba vyake, ili kinga itakayobuniwa kesho iwe imewafikiria watoto wa Afrika Mashariki pia.